Dola Moja, Shilingi Tatu: Historia ya Kulipia Programu za Simu

Kati ya mwaka 2012 na 2014, mafundi simu wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wenzao wa Luthuli Avenue, Nairobi, walikuwa na kazi ndogo iliyowapa hela ya chai kutwa nzima. Mteja alifika na simu yake, Nokia ya vitufe au Tecno ya laini mbili, akaiweka juu ya kioo cha kabati na kusema: "Fundi, niwekee WhatsApp." Fundi aliifungua simu mgongoni, akachomoa betri, akatoa memori kadi isiyozidi ukucha wa kidole gumba na kuipachika kwenye kompyuta. Faili likanakiliwa. Kadi ikarudi, betri ikarudi, simu ikawashwa. Fundi akauliza namba, akaiandika, kisha wote wawili wakakikodolea macho kioo wakisubiri ujumbe wenye tarakimu sita za uthibitisho. Ulipoingia, kazi ilikuwa imekwisha. Mteja alilipa akaenda zake.

Alilipia nini hasa? Programu yenyewe siku ile haikuwa na bei, kwani mwaka wa kwanza wa WhatsApp kwenye simu za aina hiyo ulitolewa bure. Mteja alilipia bando la fundi, kompyuta ya fundi, na uhakika kwamba akitoka pale kitu kinafanya kazi. Mwenye simu ya Android alifunguliwa na akaunti ya Gmail juu yake, nywila ikabaki kichwani mwa fundi. Husemwa mara nyingi kwamba watu wa Afrika Mashariki hawako tayari kulipia programu za simu. Vibanda vile, na mengi yaliyovitangulia, vinaonyesha kinyume chake: wamelipia tangu zamani, tena kila siku, ila kwa kupitia mlango mwingine.

Mlango uliozoeleka kutajwa ni ule uliofunguliwa na Apple tarehe 10 Julai 2008. Simu ya iPhone ilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na mpaka siku hiyo kampuni hiyo haikuwa imemruhusu mwenye simu kuongeza programu zaidi ya zile alizozikuta ndani. Duka lilianza na programu 500 hivi, nyingi za kulipiwa, na kabla ya Jumatatu kufika zilikuwa zimepakuliwa mara milioni 10. Mgawanyo wa mapato ulikuwa mwepesi kueleweka: asilimia 70 kwa mtengenezaji, 30 kwa mwenye duka. Google ilifuata Oktoba mwaka huohuo na Android Market, na mwaka 2009 ikaruhusu programu za kulipiwa.

Bei za majira yale zinashangaza leo. Sega iliuza mchezo wake wa Super Monkey Ball kwa dola 9.99. Steve Demeter, mwajiriwa wa benki aliyetengeneza mchezo wa Trism kwa muda wake wa ziada, aliuuza kwa dola 4.99 na kujipatia dola 250,000 ndani ya miezi miwili. Agosti 2008, Mjerumani Armin Heinrich aliweka dukani programu iitwayo I Am Rich kwa dola 999.99. Kazi yake yote ilikuwa kuonyesha kito chekundu kinachong'aa kwenye kioo. Watu wanane waliinunua kabla Apple haijaiondoa siku iliyofuata.

Kisha bei zikaporomoka, na sababu ilikuwa ndani ya duka lenyewe. Orodha ya programu zinazoongoza ilipangwa kwa kuhesabu zimepakuliwa mara ngapi, wala si zimeingiza fedha kiasi gani. Aliyeshusha bei alipanda kwenye orodha, aliyepanda alionekana, aliyeonekana aliuza. Ndani ya muda mfupi senti 99 ikawa bei ya kawaida ya kitu kilichomchukua mtu mwaka mzima kukitengeneza. Angry Birds ya kampuni ya Rovio ya Finland ilitoka Desemba 2009 kwa bei hiyo na kuenea dunia nzima. Miezi miwili kabla yake, Oktoba 2009, Apple ilikuwa imeruhusu programu za bure ziuze vitu ndani yake, na tangu hapo neno "bure" likabadilika maana. Mnunuzi naye akabadilika. Mwaka 2014 kampuni ya ustwo ya London ilitoa Monument Valley, mchezo wa ngazi na minara uliochorwa kwa ustadi wa kipekee, kwa dola 3.99. Miezi michache baadaye ilipotoa ngazi mpya kwa dola 1.99, baadhi ya wachezaji waliushushia mchezo nyota moja kwa hasira kwamba wanadaiwa tena. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu Super Monkey Ball ya dola 9.99.

Yote hayo mtu wa Morogoro au Kisumu aliyasikia kwa mbali. Ili kununua programu ya senti 99 alihitaji simu janja, intaneti na kadi ya benki inayokubalika nje ya nchi. Wengi hawakuwa na hata kimoja. Walichokuwa nacho ni vocha.

Vocha, au kredito kama wasemavyo Kenya, ndiyo pesa ya kwanza iliyozaliwa ndani ya simu. Mtu alinunua kadi dukani, akakwangua ule utando wa kijivu kwa sarafu au ukucha, akaingiza tarakimu, salio likapanda. Halafu watu wakagundua kwamba tarakimu zile zinasafiri. Kijana aliye mjini alinunua kadi, akamsomea namba zake mwenye duka kijijini kwa simu, na mwenye duka akampa bibi wa yule kijana fedha taslimu, akijikatia chake kidogo. Kampuni za simu zilipoleta huduma za kuhamisha salio, kama Sambaza ya Safaricom na Me2U ya MTN Uganda, ziliufanya rasmi mwendo ambao watu walikwisha kuuanza.

Safari ya M-Pesa ilianzia hapo. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, kwa msaada wa fedha za shirika la maendeleo la serikali ya Uingereza, walianza majaribio Oktoba 2005 Nairobi na Thika pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa dogo: mkopaji alipe rejesho lake kwa simu badala ya kukusanyika kikundi kizima na noti mkononi. Wateja wa majaribio walikuwa mamia machache tu, nao hawakukaa ndani ya mipaka waliyochorewa. Kuna waliomlipia mwenzao rejesho naye akawafanyia kazi kama malipo. Wenye biashara waliweka mauzo ya jioni kwenye simu ili yalale salama, kwa kuwa benki zilikuwa zimefungwa. Abiria wa kati ya Nairobi na Thika aliweka fedha kwa wakala upande mmoja, akapanda gari mfuko mtupu, akazitoa saa chache baadaye upande wa pili. Wengine waliwanunulia ndugu zao wa mashambani salio moja kwa moja. Watengenezaji walitazama matumizi hayo, wakauweka mkopo kando, na huduma iliyozinduliwa tarehe 6 Machi 2007 ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani.

M-Pesa haikuonekana kama programu, lakini ilikuwa programu kamili. Ilikaa ndani ya laini yenyewe, menyu fupi ya maandishi iliyofunguka hata kwenye simu ya tochi. Aliyekuwa na laini ya zamani alibadilishiwa. Wala haikuwa ya bure: kumtumia mtu aliyesajiliwa kulikatwa shilingi 30 za Kenya, iwe anatumiwa shilingi 100 au 35,000, na kutoa fedha kwa wakala kulikuwa na makato yake. Watu walilipa bila manung'uniko makubwa kwa sababu walijua njia nyingine zinagharimu nini. Kumpa kondakta wa basi bahasha kulikuwa na ada yake na hofu yake. Kusafiri mwenyewe kulikula nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi. Vodacom iliileta Tanzania Aprili 2008, na kwa miaka iliyofuata tarakimu *150*00# zikakaa kwenye vidole vya watu kuliko namba za ndugu zao.

Kwa miaka mingi tathmini za programu zimetazama sura yake, kasi yake, idadi ya vitufe. Mama mwenye genge hakuhitaji tathmini hiyo. Aliweka makato upande mmoja na nauli upande mwingine, akaona lililo jepesi.

Mizani hiyohiyo inaonekana vizuri zaidi kwenye zizi la ng'ombe. Mwaka 2011 Su Kahumbu, mkulima na mtetezi wa kilimo hai nchini Kenya, alizindua iCow, wazo lililokuwa limeshinda shindano la Apps4Africa mwaka uliotangulia. Mfugaji alipiga *285#, akamsajili ng'ombe wake na siku aliyokuwa kwenye joto, na kuanzia hapo simu ikawa inamtumia ujumbe kwa shilingi chache: wakati wa kumwangalia ng'ombe, wakati wa kumwita mtaalamu wa uhimilishaji, wakati wa kuacha kumkamua kabla ya kuzaa.

Asiyefuga anaweza kudhani kwamba hilo ni jambo dogo. Ng'ombe hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halimalizi hata siku moja. Huweza kuanza usiku, mfugaji amelala, likapungua kabla hajamaliza kukamua asubuhi. Dalili ni za kutafutwa: ute mwembamba, kutotulia, kuwapanda wenzake, maziwa kushuka kidogo. Zikimpita, mfugaji hana la kufanya ila kusubiri wiki tatu nyingine, na wiki hizo tatu zote anamlisha ng'ombe asiye na mimba. Mara mbili tatu kwa mwaka, na ndama anachelewa, na maziwa yanachelewa na ndama. Familia inayosomesha watoto kwa maziwa ya ng'ombe wawili inajua kilichopotea kwa lita na kwa shilingi. Mbele ya hasara hiyo, shilingi chache za ujumbe unaosema "mwangalie ng'ombe wako wiki hii" hazina wa kuzibishia. Programu ile haikuwa na picha wala rangi. Ilikuwa na kalenda ambayo haisahau.

Eneza Education, pia ya Kenya, ilifuata njia hiyo kwa wanafunzi. Huduma yake ya Shupavu 291 iliwafikishia masomo na maswali ya mtihani kwa ujumbe wa maandishi, kwa shilingi 3 kwa siku zilizokatwa kwenye salio. Shilingi tatu. Mtoto aliyeazima simu ya baba jioni aliweza kujipima hesabu kabla ya simu kurudi kwa mwenyewe, na siku ambayo hakukuwa na shilingi tatu, hakukuwa na deni lililobaki. Malipo ya siku kwa siku yamedharauliwa na wengi kama alama ya umaskini. Kwa kweli ni mpango wa malipo wenye heshima kubwa kwa mnunuzi, kwa kuwa unamwachia uamuzi kila asubuhi.

Sasa tuirudie ile WhatsApp ya kibandani. Jan Koum na Brian Acton waliianzisha mwaka 2009, na kwa miaka kadhaa walisimamia msimamo usio wa kawaida: hakuna matangazo, kuna bei. Mwenye iPhone alinunua kwa senti 99 mara moja. Wengine walipewa mwaka bure, kisha walipaswa kulipa senti 99 kila mwaka. Kwa kipimo cha nauli, hapakuwa na programu rahisi kuliko hiyo duniani. Ujumbe mfupi wa kawaida ulikatwa kila ulipotumwa, wa kwenda nje ya nchi ulikatwa zaidi. Hapa mtu wa Mombasa aliongea na dada yake aliyeko Muscat mwaka mzima kwa dola moja.

Lakini dola moja hiyo ilidaiwa kwa kadi ya benki. Mwaka ulipokaribia kwisha, hofu iliingia, na pamoja na hofu ule ujumbe uliozunguka kila kundi la familia: WhatsApp itaanza kutoza, tuma ujumbe huu kwa watu kumi ili alama yako igeuke rangi na ubaki bure. Ulikuwa uongo, nao ulipokelewa kwa sababu uligusa wasiwasi wa kweli, wa mtu mwenye uwezo wa kulipa asiye na njia ya kulipa. Facebook ilitangaza kuinunua WhatsApp Februari 2014 kwa dola bilioni 19. Januari 2016 ada ile ikafutwa, na kampuni ilieleza wazi kwamba watumiaji wake wengi hawakuwa na kadi ya benki na waliogopa kupotezana na jamaa zao. Biashara ikahamia kwingine, kwa makampuni yanayotaka kuongea na wateja wao. Inasikitisha kwamba bei iliyo nyoofu kiasi kile ilikwama kwa kukosa tu mahali pa kuipokea, wakati mawakala wa pesa za simu walikuwa wamejaa kila kona.

Uganda ilikuja kuonyesha upande mwingine. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa yeyote aliyetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na mitandao mfano wake. Kwa mwaka hiyo ni shilingi 73,000, zaidi ya mara 18 ya ile dola iliyofutwa. Njia ya kulipa safari hii ilikuwepo, kwa pesa za simu, na bado watu wengi walikataa, wakaweka programu za VPN ili wapite pembeni. Kiasi cha kila siku kilikuwa kidogo, lakini hakikuwaletea kitu kipya: walikuwa wamekwisha kulipia bando. Mwaka 2021 tozo hiyo iliondolewa, mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe.

Mwaka 2018 huohuo Safaricom na Google ziliunganisha M-Pesa na duka la Google Play, na Mkenya asiye na kadi akaweza kununua programu kwa namba yake ya siri. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu duka la kwanza lifunguliwe. Mlango ulifunguka, lakini ndani mpango ulikuwa umebadilika. Tangu mwaka 2016 Apple ilikuwa imeruhusu programu za kila aina zitoze kwa mwezi au kwa mwaka, ikipunguza mgao wake hadi asilimia 15 kwa mteja aliyedumu zaidi ya mwaka mmoja. Watengenezaji wengi walihama, na kwa haki: programu huhitaji kurekebishwa kila simu mpya inapotoka, na senti 99 ya mara moja haimlishi fundi miaka mitano. Pamoja nao wakaingia wajanja. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya usalama ya Sophos walieleza kuhusu programu za kawaida kabisa, kikokotoo, kisomeo cha misimbo, zilizotoa siku chache za majaribio kisha zikamkata mteja zaidi ya euro 100 kama hakujiondoa kwa wakati.

Afrika Mashariki ilikuwa imeuonja mchezo huo mapema, kwa ujumbe wa nyota, wa mistari ya mapenzi, wa matokeo ya mpira. Mtu alijibu "NDIYO" mara moja, au hakukumbuka kujibu chochote, na tangu siku hiyo kila vocha aliyoiweka ilipungua kabla hajapiga simu. "Laini inakula salio," watu walisema, kama vile laini ina meno. Tofauti kati ya huduma hizo na shilingi tatu za Shupavu haikuwa kwenye kiasi. Ilikuwa kwamba mmoja alijua anakatwa nini, na mwenzake aligundua tu salio limeliwa.

Nick Hughes, yule wa majaribio ya Thika, alirudi Kenya na mradi mwingine. Pamoja na Jesse Moore na Chad Larson alianzisha M-Kopa, iliyoanza mwaka 2012 kuwauzia watu umeme wa jua kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa, kama shilingi 40, baadaye 50. Ndani ya kisanduku cha betri kulikuwa na laini ya simu na programu inayohesabu siku zilizolipiwa. Kiwango hicho hakikuokotwa hewani. Kilipangwa kikishindanishwa na fedha ambazo nyumba ilikwisha kuzitumia kwa mafuta ya taa.

Julai 2020 Safaricom na Google walizindua mpango walioupa jina la Lipa Mdogo Mdogo. Aliyekuwa na simu ya tochi aliacha shilingi 1,000 dukani, akatoka na simu janja, kisha akaendelea kulipa shilingi 20 kwa siku mpaka deni liishe. Ndani ya simu hiyo ilikaa programu moja ambayo mwenye simu hakuichagua wala hakuweza kuifuta. Malipo yalipochelewa siku kadhaa, ilifunga kioo, na simu haikufunguka mpaka shilingi 20 zilipoanza tena kuingia.